Sura ya Tano: Jokofu Linanguruma, Maji Hayapoi

Kwa nini jokofu langu linawaka taa, linanguruma usiku kucha, na maji hayapoi? Swali hili nimeulizwa barazani, nimeulizwa sokoni mbele ya nyungo za ndagala, nimeulizwa hata mlangoni pa msikiti tulipokuwa tukitafuta viatu vyetu baada ya sala ya Ijumaa, na aghalabu anayeniuliza huwa amekwisha kujijibu kabla sijafungua kinywa, kwa maneno yale yale yanayosikika katika pwani yetu yote, kutoka Kabezi mpaka Nyanza-Lac: "Nadhani gesi imekwisha, bwana."

Sura hii nimeiandika kwa ajili ya neno hilo. Kwa sababu yake nimeona wachuuzi wa maji na sharubati wakipoteza faida ya miezi mitatu, nimeona samaki aina ya mukeke, waliovuliwa kwa taabu katika usiku wa giza, wakitupwa jalalani, na nimeona mashine nzima, isiyokuwa na ila yoyote, ikitobolewa bomba lake ili itiwe kitu ambacho haikupungukiwa nacho. Nataka msomaji ajue kwanza jokofu, au frigo kama wengi wetu nchini Burundi tunavyoliita kwa kufuata Wafaransa, hufanya kazi gani hasa. Maana akilijua hilo ataweza kulikagua mwenyewe, kwa mkono, kwa sikio na kwa jicho, kabla ya kumwita fundi na kumfungulia mkoba.

Baridi haitengenezwi

Kabla ya waya za umeme kuenea katika mitaa ya Rumonge, maji ya kunywa yalipozwa kwa mtungi, na anayeufahamu mtungi amekwisha kulifahamu nusu ya jokofu. Mtungi mpya, ambao udongo wake una vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho, huyaacha maji yapenye polepole mpaka nje, na pale nje upepo wa ziwa ukiyakuta huyageuza mvuke. Na kwa kuwa maji hayawezi kugeuka mvuke pasipo kuchukua joto mahali fulani, huchukua lililo karibu, yaani joto la mtungi wenyewe na la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana bibi zetu waliuweka mtungi penye kivuli na upepo, na ndiyo maana mtungi uliozeeka, ambao vitundu vyake vimezibwa, hautoi jasho wala haupozi.

Kwa hiyo mtungi hautengenezi baridi, huondoa joto. Na jokofu ni hivyo hivyo. Ndani ya mabomba yake membamba mna kitu kiitwacho gesi ya jokofu, ambacho tabia yake ni kuchemka na kugeuka mvuke kwa urahisi hata penye baridi kali, kisha kurudi kuwa majimaji kinapobanwa kwa nguvu na kuachiwa kitoe joto lake. Sisi tunaokaa penye michikichi tunaiona hali ya namna hiyo kila siku katika mawese, ambayo asubuhi ya kiangazi huwa yameganda chupani na adhuhuri huwa yanamwagika kama maji: kitu ni kile kile, ila joto limeingia au limetoka.

Gesi hiyo huzunguka katika sehemu nne, na kila fundi huzitaja, basi tuzifahamu:

- Kompresa, yaani lile tungi jeusi la chuma lililo chini kwa nyuma, ambalo ndani yake mna mota na pampu. Kazi yake ni kuibana gesi na kuisukuma.
- Kondensa, yaani mabomba meusi ya mgongoni (au, katika majokofu mengi ya siku hizi, yaliyofichwa ndani ya mbavu), ambamo gesi iliyobanwa hutoa joto lake na kurudi kuwa majimaji.
- Bomba jembamba, lenye tundu la kadiri ya sindano nene, linaloyachelewesha majimaji hayo yapite kidogo kidogo.
- Evaporeta, yaani sehemu ya ndani ambamo majimaji hugeuka tena mvuke, na kwa kugeuka kwake huchukua joto la vyakula vyetu, kama vile maji ya mtungi yalivyochukua.

Mimi hupenda kulifananisha jokofu na mpagazi. Kiswahili chetu cha ukanda huu kilitufikia pamoja na misafara ya Ujiji, na neno hilo halihitaji maelezo kwa watu wa ziwani. Jokofu ni mpagazi wa joto: huingia ndani, hulibeba joto la samaki na la maji, hulitoa nje na kulitua mgongoni pake, kisha hurudi kubeba jingine. Basi mpagazi akionekana hafikishi mzigo, mtu mwenye akili hasemi papo hapo kwamba damu imemwishia. Huuliza kwanza: je, amekula? Je, njia aipitayo iko wazi? Je, mzigo si mkubwa kuliko kifua chake? Je, kila anachokitoa nje hakirudi ndani kwa mlango mwingine? Na maswali hayo yote yakiisha kujibiwa, ndipo apelekwe kwa tabibu.

Jokofu la shangazi yangu

Shangazi yangu ana kiduka karibu na bandari ya Rumonge, anauza maji, sharubati na maziwa, na mwaka ule wa kisa hiki alikuwa amelia na jokofu lake tangu mwisho wa masika. Nilipoingia na kutoa salamu, aliniitikia na kuniwekea sharti kabla sijakaa.

"Wa alaykum salaam, mwanangu. Karibu sana, lakini maji ya baridi usiniombe."

"Kuna nini, shangazi?"

"Limetiwa gesi mara mbili, na bado. Tia mkono wako humo uone."

Niliutia mkono, nikaona chupa za maji zina ubaridi wa kisima, si zaidi. Kisha niliupeleka mkono nyuma, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa ameupeleka, nikauondoa upesi, kwa kuwa palikuwa na joto la kikaango. Jokofu lilikuwa limesukumwa mpaka likaushika ukuta. Ubavu wa kulia lilibanwa na magunia mawili ya mchele. Juu yake lilitandikwa kitambaa kizuri cha kudarizi, ambacho upande wa nyuma kilining'inia mpaka nusu ya mgongo. Na ukuta wenyewe, nilipouzunguka, niliona ndio ukuta wa jiko, na jiko la makaa limewekwa papo hapo upande wa pili. Nilipolivuta, mabomba ya kondensa hayakuonekana kuwa mabomba. Yalikuwa yamevikwa vumbi lililochanganyika na masizi na mafuta, zito kama sufi ya mto, na kati yake mlikuwa na unyoya wa kuku.

Tulizima umeme. Mjukuu wake alileta brashi ya kufulia, tukayasugua mabomba yale kwa upole kutoka juu kwenda chini mpaka weusi wake ukaonekana. Tukayahamisha magunia, tukakitoa kitambaa, tukaliacha jokofu mbali na ukuta kwa nusu shubiri, yaani sentimita 10 hivi, na jiko la makaa likahamia uani. Tuliwasha tena baada ya sala ya alasiri. Asubuhi yake shangazi alinipelekea chupa ya maji nyumbani, imefungwa katika gazeti, na gazeti limelowa.

Mpagazi wake alikuwa mzima kabisa. Alikuwa akifika mlangoni na mzigo, asione pa kuutua. Na ile gesi ya mara mbili naamini haikuwa dawa, bali ilimwongezea ugonjwa, kwa sababu jokofu lililojazwa gesi kupita kipimo chake hupoza vibaya kama lile lililopungukiwa.

Mwenye jokofu la kisasa ambalo mgongo wake ni bati tupu asishtuke akigusa mbavu na kuzikuta zina joto, madhali mabomba yamefichwa humo. Hilo ni joto la samaki wake linalotoka. La kumtia wasiwasi ni mbavu zilizo baridi kabisa ilhali kompresa inanguruma, na hilo tutalirudia.

Kibandiko kisichosomwa

Majokofu mengi yanayofika kwetu ni yaliyokwisha kutumika Ulaya, na mengi yalitengenezwa kwa ajili ya jikoni za huko. Ndani ya jokofu, aghalabu karibu na droo ya mboga, au nyuma karibu na kompresa, pamebandikwa karatasi ambayo juu yake, miongoni mwa herufi na namba nyingi, pana alama ya tabia ya hewa. Alama N maana yake ni kwamba jokofu limepimwa kufanya kazi katika chumba chenye joto la nyuzi 16 mpaka 32. ST ni mpaka nyuzi 38. Na T ni mpaka nyuzi 43. Sisi tuko kwenye ukingo wa ziwa, mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, chini kabisa ya milima ya Bururi ambako watu hujifunika mablanketi, na kiduka cha mabati wakati wa adhuhuri huzipita nyuzi 32 bila taabu. Jokofu la N likiwekwa humo litahangaika mchana kutwa, na kosa si lake. Anayenunua, basi, atafute T, au angalau ST. Na ambaye amekwisha kununua N aliweke katika chumba chenye dari na kivuli.

Katika kibandiko hicho hicho friza huandikwa pia uzito wa chakula inachoweza kugandisha kwa saa 24, na friza ndogo za nyumbani huandikwa kilo tatu, nne, au tano. Namba hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo inayozua ugomvi mwingi kati ya wavuvi na mashine zao. Mukeke anayetoka ziwani ana joto la ziwa, ambalo juu juu ni nyuzi 25 hadi 27. Kumgandisha ni kuliondoa joto hilo kwanza, kisha kuliondoa joto jingine, kubwa zaidi, ambalo maji yaliyo ndani ya nyama yake hulitoa yanapogeuka barafu. Ukubwa wa joto hilo la pili ni wa kustaajabisha: barafu ya kilo moja inapoyeyuka, hunywa joto linaloweza kuyapandisha maji ya kilo moja kutoka nyuzi 0 mpaka nyuzi 80. Sasa mtu huleta kilo 20 za samaki alfajiri, huzijaza katika friza ya kilo nne kwa siku, jioni huzikuta zimelegea na zinanuka, kisha hulaumu gesi. Afanye kwa mafungu. Atandaze samaki katika tabaka nyembamba badala ya kuwarundika. Na waliobaki awatie chumvi au awaanike, kama pwani hii ilivyozoea tangu zamani.

Mlango

Mlango una ukanda wa raba unaouzunguka, wenye sumaku ndani yake. Ukanda huo ukikauka, ukipasuka au ukijaa sharubati iliyoganda, mlango huonekana umefungwa na huku hewa inaingia; na hewa ya ziwani, ambayo ni ya joto na imejaa unyevu, huingia na maji yake yakaganda juu ya evaporeta. Chukua noti ya faranga, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha ivute: ikikataa kidogo, raba ni nzima, ikitoka kama barua kutoka bahasha, hapo pana upenyo. Zunguka mlango mzima hivyo, na hususa pembe za chini. Raba iliyochafuka huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, iliyojikunja huweza kunyooshwa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, iliyokatika hubadilishwa. Aidha angalia ile taa ya ndani. Ibonyeze swichi yake ndogo kwa kidole, na taa isipozimika ujue kwamba inawaka mle gizani usiku na mchana, inakipasha moto chakula chako.

Taa hiyo, nisisahau kulisema, si ushahidi wa jambo lolote isipokuwa moja tu, kwamba umeme umeifikia taa.

Kisu na barafu

Barafu nyembamba juu ya evaporeta ni dalili ya afya. Lakini ikizidi unene wa nusu sentimita huwa blanketi, maana barafu hulizuia joto lisifike kwenye mabomba, na mtu hushangaa kuona friza imejaa theluji ilhali maziwa yaliyo chini yake yamechachuka. Dawa ni kuzima, kutoa vyakula, kuacha mlango wazi, na kuweka ndani sufuria ya maji ya moto. Katika saa mbili au tatu barafu itaanguka yenyewe.

Hapa namwomba msomaji kwa moyo wangu wote: kisu kisiguse. Bati la evaporeta ni laini na jembamba, gesi inapita ndani yake umbali wa unene wa ukucha, na ncha ya kisu, bisibisi au kijiko inayoteleza mara moja tu hugeuza kazi isiyo na gharama kuwa msiba wa jokofu zima.

Kuna majokofu yasiyoganda barafu, ambayo feni iliyofichwa nyuma ya friza huipeleka hewa ya baridi katika sehemu ya chini kwa kijia maalumu, na hita ndogo huyeyusha barafu kila baada ya saa kadhaa. Likiwa la namna hiyo, na friza inagandisha vizuri ilhali chini pana joto, basi dhana ya kwanza ni kwamba feni imesimama au kijia kimezibwa na barafu. Lizime siku nzima, mlango ukiwa wazi na matambara chini ya kuyapokea maji. Likipona, kisha ugonjwa ukarudi baada ya juma moja au mawili, ile hita au kifaa kinachoiamuru ndicho kilichoharibika, na fundi ataambiwa hivyo badala ya kuachiwa abahatishe.

Kadhalika usisahau kile kitufe cha namba, ambacho huitwa thermostati, yaani kiamuzi cha joto. Namba zake si nyuzi za joto. Wengi huona 1 wakadhani ni baridi kali kuliko 5, na mambo ni kinyume: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo baridi inavyozidi. Kipimo kilicho sahihi ni nyuzi 4 mahali pa vyakula na 18 chini ya sifuri katika friza. Na mwenye kipimajoto akitie ndani ya gilasi ya maji katikati ya jokofu, akiache usiku kucha, akisome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango.

*Kwa ufupi, mpaka hapa hatujatoboa bomba hata moja wala kutoa faranga: tumesogeza jokofu, tumesugua mgongo, tumejaribu mlango, tumepunguza mzigo, tumeyeyusha barafu, tumegeuza kitufe. Baada ya kila tendo mashine ipewe usiku mmoja mzima, kwa kuwa jokofu lililojaa halipoi kwa saa moja.*

Chakula cha mpagazi

Umeme wetu hukatika, na hilo kila mtu hulijua. Lisilojulikana sana ni kwamba hudhoofika. Jokofu limeumbwa kwa volti 220, yaani msukumo wa umeme wa kadiri hiyo, na wakati wa magharibi, nyumba zote zinapowasha taa, pasi na televisheni, msukumo huo mwishoni mwa laini ndefu huweza kushuka mpaka balbu zikawa nyekundu. Balbu hustahimili. Kompresa haistahimili: mota yake hujaribu kuanza, hushindwa, hupata moto, na kinga yake huikata.

Sikiliza. Jokofu linalojaribu na kushindwa hulia "tak", likaunguruma nusu dakika kwa sauti nzito, likalia "tak" tena, likanyamaza, na baada ya dakika chache likaanza upya. Likifanya hivyo wakati umeme ni dhaifu tu, usilitibu jokofu. Tafuta stabilaiza, kifaa kinachoupandisha umeme na kuushusha ufike katika kiwango chake. Likifanya hivyo hata usiku wa manane umeme ukiwa na nguvu, basi pengine ni kile kianzishio kilichobanwa ubavuni mwa kompresa, ambacho mafundi hukiita rilei, nacho ni kitu kidogo, hubadilishwa kwa bei isiyoumiza. Au pengine kompresa yenyewe imekaza. Fundi mwaminifu hubadilisha kile kitu kidogo kwanza.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, lisiwashwe mara moja. Gesi iliyobanwa upande mmoja wa kompresa huhitaji dakika tano ili itulie na kulingana pande zote mbili, na kompresa inayolazimishwa kuanza kabla ya hapo ni kama mtu anayeambiwa anyanyuke na gunia begani. Vile vile jokofu lililosafirishwa likiwa limelala, kwa lori kutoka Bujumbura au kwa boti kutoka Kigoma, mafuta ya kompresa huwa yameingia katika mabomba. Lisimamishwe na kuachwa kwa saa kadhaa, na likiwa lililala safari nzima bora liachwe mpaka kesho yake.

Umeme ukikatika, usifungue. Jokofu lililofungwa huhifadhi vyakula vyake kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa kwa saa 48. Mimi humshauri kila mwenye nafasi tupu ndani ya friza aijaze chupa za maji, kwa sababu barafu yake, kwa hesabu ile ya nyuzi 80, hulinda samaki kwa muda mrefu wakati wa kiza. Ama mgonjwa wa sukari ambaye insulini yake imo ndani ya jokofu la nyumbani, awe na chupa mbili za barafu daima, lakini dawa isiiguse barafu, maana insulini hutakiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyoganda hutupwa.

Wazee wetu watakumbuka kwamba palikuwapo majokofu yasiyojua umeme, ya mafuta ya taa, yaliyotumiwa na misheni na maduka ya bara. Yalitokana na uvumbuzi wa vijana wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na ndani yake amonia ilisukumwa kwa moto wa utambi badala ya pampu. Yalipoza kimya kimya. Nayasikitikia, walakini hayatarudi.

Gesi

Sasa tumefika kwenye neno lenyewe. Gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa ya kandili. Imefungiwa katika mabomba yaliyochomelewa kila upande, inazunguka humo tangu kiwandani, na jokofu lisilotoboka huweza kukaa miaka 20 na gesi ile ile. Kwa hiyo gesi ikipungua hoja ni moja: pana tundu. Na fundi anayetia gesi pasipo kulitafuta tundu anamwaga maji katika mtungi uliopasuka.

Upungufu wake una dalili. Kompresa haipumziki, ilhali kondensa iko baridi au vuguvugu tu. Ndani, barafu haitandi sawasawa juu ya evaporeta yote, bali hujikusanya mwanzoni mwa bomba, kipande cha mkono mmoja, na kwingine pakavu. Kuna na ugonjwa wa kufanana nao ambao huwadanganya hata mafundi: jokofu hupoza vizuri, kisha huacha, na likizimwa likapata joto hupoza tena, huo aghalabu ni unyevu ulioingia katika mabomba, ambao huganda kwenye mlango wa lile bomba jembamba na kuuziba, na kutia gesi juu yake hakusaidii lolote.

Fundi akija, muulize haya, kwa adabu:

1. Tundu liko wapi, na utalionaje?
2. Utayakausha mabomba kwa pampu ya kunyonya hewa kabla ya kutia gesi?
3. Utabadilisha kichujio, yaani kile kikopo kidogo cha shaba kinachonyonya unyevu?
4. Ni gesi ya namna gani iliyoandikwa katika kibandiko, na uliyo nayo ni hiyo hiyo?

Swali la nne ni la usalama. Majokofu ya zamani yalitumia R12, ambayo ilionekana kuila ozoni, ile tabaka ya juu ya anga inayotukinga na miale mikali ya jua, na mataifa yakaafikiana huko Montreal mwaka 1987 kuiacha. Ikaja R134a, isiyodhuru ozoni, ila inayopasha dunia joto mara 1,430 kuliko hewa ya ukaa iliyo sawa nayo kwa uzito; na hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, mataifa yakakubaliana kuipunguza hiyo nayo pamoja na jamaa zake. Majokofu mengi mapya yana R600a, ambayo ni gesi ya ukoo wa gesi ya kupikia, gramu chache tu, lakini inawaka. Bomba lenye R600a halichomelewi kwa moto kabla gesi haijatolewa nje penye hewa, na anayejaribu kufanya hivyo sebuleni kwako mtoe.

Jokofu langu mwenyewe lilitiwa gesi mara tatu katika mwaka mmoja, na fundi mmoja, ambaye kila mara aliondoka na pesa zake kabla maji hayajapoa, nami nikikubali kila mara, kwa kuwa siku hizo nilikuwa sijajua kuuliza. Mara ya nne nilimwita mzee mwingine. Yeye hakuleta gesi. Alileta naitrojeni, hewa kavu isiyowaka, akaijaza katika mabomba mpaka kipimo chake kikapanda, kisha akaomba kikombe cha maji na kipande cha sabuni, ile yetu ya mawese, akaikoroga mpaka ikafanya povu zito, akaanza kulipaka kwa brashi ndogo, kiungo baada ya kiungo, bila haraka, akiinama kila alipopaka na kutazama. Mgongoni hapakuwa na kitu. Kwenye kompresa hapakuwa na kitu. Alipofika ndani ya friza, pembeni, chini ya mkwaruzo mmoja mfupi ambao hakuna mtu nyumbani aliyekumbuka ulitoka wapi, alisimamisha brashi na kuniita nisogee. Kipovu kimoja, kidogo kama punje ya mtama, kilikuwa kinavimba polepole. Kikapasuka, na pale pale kikaanza kuvimba tena.